Nyama inaweza kuwa mboga? Wa semantiki njooni hapa

#1 BintiMakadara
Asalaam alaykum, hamjambo nyote.
Mimi mtu wa Mombasa, kazi imenileta Mbeya. Huku kila jioni nasikia "leo mboga nini?" na mtu anajibu "nyama" au "dagaa". Dai langu ni kwamba hilo ni kosa la maana, wala tusilifunike kwa kusema ni tofauti za mikoa. Mboga ni mmea. Nyama ni nyama. Kusema "mboga ni nyama" ni sawa na kusema "mchungwa ni ng'ombe". Kinacholiwa pamoja na wali au ugali kina jina lake tangu zamani, nalo ni kitoweo. Anayepinga alete hoja ya semantiki, yaani ya maana za maneno, asiniambie tu "ndivyo tunavyosema".

#2 Kaka_Uyole
Karibu Mbeya dada. "Ndivyo tunavyosema" ndiyo hoja yenyewe! Neno halina mwenyewe zaidi ya wanaolisema. Nikiingia nyumbani na kilo ya nyama nikasema "mboga hiyo hapo", mke wangu anabandika sufuria, hakuna anayeduwaa. Kosa la maana ni pale msikilizaji anapokosa kuelewa. Huku nani hakuelewa, ukiacha wewe mgeni?

#3 NaiMamaMboga
Kwani huko Bongo mama mboga huuza matumbo? Huku Nairobi ukienda kwa mama mboga utapata sukuma, managu, terere, kunde, nyanya na dania. Niko upande wa Mombasa leo, na hiyo si kawaida yangu.

#4 Mwl_Tungo
Kabla hatujafika mbali tutenganishe vitu viwili ambavyo wanafunzi wangu huvichanganya kila mwaka: kirejelewa na fahiwa. Kirejelewa ni kitu chenyewe duniani. Fahiwa ni namna neno linavyokileta kitu hicho akilini. Mjerumani Gottlob Frege aliliandika hili mwaka 1892. Kwetu chukueni maneno "Rais wa kwanza wa Tanganyika" na "mwalimu wa Pugu aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili". Mtu ni mmoja, Nyerere, lakini unaweza kulijua la kwanza maisha yako yote usilijue la pili.

Kwa hiyo kipande kimoja cha nyama kinaweza kutajwa kwa "nyama" na kwa "mboga", na maneno hayo yasiwe na fahiwa moja. "Nyama" inakitaja kwa jinsi kilivyo. "Mboga" ya Kaka_Uyole inakitaja kwa kazi yake kwenye mlo. BintiMakadara, mfano wako wa mchungwa na ng'ombe haukai sawa. Karibu zaidi ni kusema "refa wa leo ni Juma".

#5 BintiMakadara
Ahsante mwalimu, lakini neno la hiyo kazi tayari lipo. Kwa nini mumtoe refa mliyenaye mkamvalishe jezi yake mchezaji?

#6 MamaGenge
Nauza genge, naomba niongee. Mteja akija kwangu akasema "nipe mboga" nampa mchicha, matembele au chainizi. Hajatokea mtu kuniomba mboga akitaka nyama, akitaka nyama anapitiliza hadi bucha na kule anaomba nyama. Lakini mimi huyohuyo nikifika nyumbani mwanangu ananiuliza "mama, mboga nini?" namjibu "mayai". Sijawahi kuona shida hapo.

#7 Nahau_Pevu
MamaGenge ametoa data nzuri kuliko sisi wote. Swali sasa ni hili: "mboga" ya Mbeya ina maana mbili, yaani polisemia, au ina maana moja pana inayobanwa na mahali unapoongelea?

Kuna jaribio la kupima. Chukua neno lenye maana mbili kweli, paa. "Asha ameona paa, na Juma vilevile." Huwezi kumaanisha Asha kaona mnyama porini na Juma kaona bati la nyumba. Watu watacheka. Sasa chukua "shemeji". "Asha ana shemeji Tanga, na Juma vilevile." Inapita, hata kama wa Asha ni mwanamume na wa Juma ni mwanamke, kwa sababu shemeji ni maana moja isiyojali jinsia.

Haya, wa Mbeya: "Asha amepika mboga, na Juma vilevile." Asha kapika kisamvu, Juma kapika maini. Mnasikiaje?

#8 Kaka_Uyole
Safi kabisa. Wote wamepika mboga.

#9 BintiMakadara
Juma hakupika mboga.

#10 MamaGenge
Ukisema "wamepika" nasikia sawa. Ukisema "Asha amenunua mboga, na Juma vilevile" hapo nasikia wote wawili wamepita gengeni kwangu.

#11 Nahau_Pevu
Tazameni hapo. Mtu mmoja, neno moja, na jibu linageuka kwa kubadili kitenzi. Jikoni jaribio linasema maana ni moja pana. Sokoni linasema ipo nyingine finyu. Sikutegemea.

#12 Mkunazini
Mnahangaika na majaribio ya kukopa wakati Kiswahili kina kipimo chake, upatanisho. Ndege huyu anaruka, ndege hii imechelewa kutua. Kifaru huyu wa porini, kifaru hiki cha jeshi. Mbuzi huyu anakula majani, mbuzi hii ya kukunia nazi. Upatanisho ukibadilika jueni ni maneno mawili. Mboga ni "mboga hii" kote kote, basi ni neno moja na mjadala umefungwa.

#13 Mwl_Tungo
Haujafungwa ndugu Mkunazini. Upatanisho unaonyesha kwamba maana zimetofautiana, lakini hausemi kama ni polisemia (neno moja lenye maana zinazohusiana) au homonimia (maneno mawili yaliyofanana umbo tu). Kiboko mnyama na kiboko mjeledi vina upatanisho tofauti, na uhusiano wake uko wazi: mjeledi ulikatwa kwenye ngozi ya mnyama huyo, jina likahama pamoja na ngozi. Hiyo ni metonimia. Kifaru cha vita ni sitiari, chuma kizito kinachokuja mbele bila kujali. Hizo ni polisemia. Lakini kaa wa baharini na kaa la moto navyo vina upatanisho tofauti, na hakuna msemaji anayeona kinachoviunganisha, kwa hiyo ni homonimia. Kipimo kimoja, majibu mawili.

Na kinyume chake, "chai" ni ya ngeli moja kote lakini haina maana moja. NaiMamaMboga atusaidie hapo.

#14 NaiMamaMboga
Hapo mwalimu umenigusa. Huku mtu akikuuliza "umekunywa chai?" asubuhi, unasema ndiyo hata kama ulikunywa uji na ndizi. Chai imekuwa mlo wa asubuhi mzima. Na askari wa barabarani akikuomba chai, hataki majani wala sukari. Sasa nikifikiri hivyo naona Wabongo wamefanya kitu kilekile na mboga. Kile kinacholiwa kila siku kimekipa jina kundi lote. Ni kama duka la mtaani unavyoomba "Colgate" ukapewa dawa yoyote ya meno, na wewe unalipa na kuondoka.

#15 Kaka_Uyole
Umeondoka Mombasa haraka hivyo? Karibu upande wetu.

#16 Mtoto_wa_Lushi
Salamu toka Lubumbashi. Mchicha mnaosema, huku ni lengalenga. Kisamvu ni sombe. Na ugali wenu ni bukari. Dada wa Mombasa naye anaita sima. Je, hayo ni visawe au ni majina tu ya mahali? Maana mimi nikisikia "sombe" naona sahani ya mama yangu, nikisikia "kisamvu" naona neno la redio.

#17 Mwl_Tungo
Swali zito hilo. Kirejelewa kimoja, lakini maana ya ziada imeachana. Wengi wetu tunasema visawe kamili ni adimu sana kwa sababu hiyohiyo. Ila tusihame uzi.

#18 MzeeWaKamusi
Nimesoma yote. Nyote mnalitazama neno moja likiwa peke yake, na neno halikai peke yake. Mwanaisimu Ferdinand de Saussure, ambaye mafunzo yake yalichapishwa na wenzake mwaka 1916 yeye akiwa ameshafariki, alitoa mfano wa Kifaransa. Wafaransa wana neno moja, mouton, kwa kondoo aliye hai na kwa nyama yake. Waingereza wana mawili. Kwa hiyo mouton halilingani na lolote kati ya hayo mawili, hata likimtaja kondoo yuleyule, kwa sababu halina jirani wa kugawana naye uwanja. Sisi tuna mpunga shambani, mchele guniani na wali sahanini, na kila moja linaanzia pale mwenzake anapoishia. Mtoto wa pwani ana kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi kwa tunda la mti mmoja. Ukiondoa "koroma" leo, dafu na nazi watagombania nafasi yake.

Sasa tazameni "mboga" pamoja na "kitoweo". BintiMakadara anasema kitoweo ni chochote kinacholiwa na wali. Sawa, ni neno la kitenzi cha kutowelea, kula kitu pamoja na kingine. Lakini hapo Mbeya, dada, mtu akikwambia "kuku wa kitoweo" au "wamegawana kitoweo" anamaanisha nini? Nyama au samaki. Mchicha hauitwi kitoweo na wengi wa huko. Yaani kitoweo kimejifinya, mboga imejitanua. Hayajatokea mambo mawili. Ni jambo moja lililoonekana pande mbili.

Na lipo la tatu ambalo hakuna aliyelitaja. Wa bara wakitaka majani tu wanasema nini? "Mboga za majani", au "mbogamboga". Kwa nini walihitaji kuongeza maneno? Kwa sababu neno tupu lilikuwa limeshachukuliwa. Zamani simu ilikuwa simu. Zilipokuja za mkononi, ile ya kwanza ikabidi iitwe "simu ya mezani". Kuku alikuwa kuku mpaka walipokuja wa kisasa, ndipo wetu akawa "kuku wa kienyeji". Ukiona kitu cha asili kimeongezewa kivumishi, jua jina lake limepanuka na kukipita.

#19 BintiMakadara
Mzee shikamoo. Hapo kwenye mbogamboga nakupa. Lakini umenisaidia mimi, si wao. Kama "mboga za majani" ni ya asili iliyoongezewa maneno, basi asili ya mboga ni majani, kama nilivyosema #1.

#20 MzeeWaKamusi
Marahaba. Asili, ndiyo, naelekea huko. Kinyarwanda wana imboga, na ni majani. Waganda wana emboga, nayo ni ya mimea vilevile. Lakini asili ya neno si maana yake ya leo. Wasemaji hawakumbuki historia wanapopika.

#21 Kampala_Rd
Niko Kampala, naongezea kwa mzee. Kiganda kina neno enva kwa chochote kinachosindikiza matooke (ndizi za kupika) au posho (ndiyo ugali wa huku), iwe maharage, karanga au nyama. Wakitaka kusema mboga za majani wanasema enva endiirwa. Yaani wanachukua neno la kitoweo wanalibana, kama vile "mboga" inavyobanwa ikawa "mboga za majani". Wachewa wa Malawi nao wana ndiwo kwa kazi hiyohiyo. Nadhani hapo ndipo penye jibu: watu wengi wa bara walijifunza Kiswahili wakiwa na neno la kundi zima kwenye lugha zao za nyumbani, wakalitafutia jina la Kiswahili, wakaikuta mboga.

#22 Nahau_Pevu
Nadharia nzuri, ila haielezi kwa nini hawakuikuta "kitoweo", ambayo ingewafaa zaidi bila kuipanua.

#23 Kampala_Rd
Kwa sababu neno unalolikuta ni lile linalosemwa sokoni kila siku.

#24 Muscat_Usiku
Mimi nimekulia Unguja, sasa niko Muscat. Hili la chakula kuhamisha majina si letu peke yetu. Kwa Kiarabu lahm ni nyama. Kiebrania, ndugu yake, kina lehem, na hiyo ni mkate. Kwa Kigeezi cha Uhabeshi lahm ni ng'ombe. Mzizi mmoja, na wataalamu wengi husema kila watu waliubakiza kwenye chakula chao kikuu. Na neno aish, ambalo asili yake ni kuishi, Misri ni mkate na huku Ghuba ni wali. Mmisri na mtu wa Ghuba wakikaa meza moja wakaomba aish wanaletewa vitu viwili.

#25 Kaka_Uyole
Na wote wanashiba.

#26 DadaLishe
Jamani, mnaliona kama jambo la darasani, mimi linanisumbua kazini. Nafanya kazi za lishe vijijini. Fomu inauliza "Jana ulikula mboga?" Mama anajibu ndiyo. Nikimwuliza mboga gani, anasema dagaa, au nyama, au maharage. Fomu iliandikwa na mtu mwenye maana ya BintiMakadara, inajibiwa na mtu mwenye maana ya Kaka_Uyole, na mwisho karatasi inaonyesha mtoto amekula majani ambayo hakuyaona. Sasa sitaji "mboga" tupu kabisa. Nauliza kwa majina: mchicha? matembele? majani ya maboga? Inachukua muda mrefu zaidi lakini napata ukweli. Kaka_Uyole alisema #2 kosa ni pale msikilizaji anapokosa kuelewa. Hapa wote wawili wanaamini wameelewana, na hilo ni baya zaidi.

#27 BintiMakadara
Ahsante dada. Hii ndiyo sababu nilianzisha uzi.

#28 Kaka_Uyole
Nakubali fomu irekebishwe. Lakini kwa nini irekebishwe fomu, si mama? Kwa sababu mama hajakosea.

#29 WakiliMsomi
Naleta kesi. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Nix dhidi ya Hedden. Sheria ya ushuru ya 1883 ilitoza mboga zinazotoka nje, matunda mabichi hayakutozwa. Waagizaji wa New York, akina Nix, wakadai warudishiwe fedha zao, kwa kuwa kibotania nyanya ni tunda. Mahakamani zilisomwa kamusi. Majaji wakakubali kwamba kwa mtaalamu wa mimea nyanya ni tunda, ila wakasema lugha ya sheria hii ni lugha ya watu wa kawaida, na watu wa kawaida huila nyanya pamoja na mlo mkuu, hawaili mwishoni kama matunda. Basi ni mboga, ushuru ulipwe. Angalieni kigezo chao: nafasi ya kitu kwenye mlo. Ni kigezo cha Mbeya.

#30 MamaGenge
Nyanya si mboga wala tunda, ni kiungo. Nyanya, kitunguu, hoho, karoti, vyote hivyo ni viungo. Hao majaji wangepita gengeni kwanza.

#31 NaiMamaMboga
😂😂 MamaGenge kwa hakimu mkuu!

#32 Nahau_Pevu
Hili la nafasi lina utafiti pia. Mwanaisimu William Labov mwaka 1973 alichapisha kazi ya vikombe. Aliwaonyesha watu michoro ya vyombo, mdomo ukipanuliwa hatua kwa hatua, akawauliza hiki kinaitwaje. Kisha akawaambia wafikirie chombo hichohicho kina kahawa, au viazi vya kuponda. Penye chakula, watu waliacha kukiita kikombe mapema zaidi, wakakiita bakuli. Chombo hakikubadilika, kilichomo ndicho kilichobadili jina. Maana ya kikombe haina mpaka kamili, na ya mboga vilevile. Mwanasaikolojia Eleanor Rosch, miaka hiyohiyo ya 1970, alionyesha kwamba kundi huwa na mfano bora katikati na wengine pembeni. Shomoro ni ndege kuliko mbuni. Kwa watu wote wa uzi huu mchicha uko katikati ya mboga. Tunachogombania ni umbali tu wa kutoka hapo kwenda pembeni.

#33 Mwl_Tungo
Nahau, hapo umelainisha mno. Mbuni ni mfano dhaifu wa ndege lakini ni ndege kwa kila mtu. Maini kwa BintiMakadara si mfano dhaifu wa mboga. Hayamo kabisa. Nadharia ya mfano bora inaeleza kuyumba, haielezi kukataa.

#34 Nahau_Pevu
Na nadharia yako ya fahiwa ya kazi haielezi gengeni kwa MamaGenge, ambako kazi haiulizwi.

#35 Mkunazini
Jibuni hili basi. Mayai ni mboga?

#36 Kaka_Uyole
Ukila na ugali ni mboga. Ukila na mkate si mboga.

#37 Mwl_Tungo
Ushahidi wangu huo. Yai moja, kazi mbili.

#38 Mkunazini
Na maziwa mgando na ugali?

#39 Kaka_Uyole
Mboga.

#40 Mkunazini
Na chumvi? Wapo walioshindia ugali na chumvi siku ngumu. Ni mboga?

#41 Kaka_Uyole
Hapana. Hapo tunasema "tumekula bila mboga".

#42 Mwl_Tungo
Hmm. Kazi ni ileile, ya kusindikiza ugali, na neno limekataa. Kwa hiyo kazi peke yake haitoshi.

#43 DadaLishe
Labda lazima kiwe kimepikwa, au kiwe chakula chenyewe. Lakini parachichi? Kuna kaya nimeona wanalia ugali na parachichi bichi, wakaniambia ndiyo mboga yao ya siku hiyo.

#44 BintiMakadara
Mnaona? Mkishaachia mipaka hamjui mnapoishia. Kitoweo changu hakina tatizo la chumvi.

#45 MzeeWaKamusi
Kinalo. Waulize wavuvi wa kwenu kama chumvi na pilipili na ndimu ni kitoweo. Utapata majibu mawili nyumba moja.

#46 Pangani_Kwetu
Nimechelewa, niko Tanga. Kwetu bibi anasema kitoweo, mama anasema mboga, na wote wanaongelea samaki mmoja kwenye sufuria moja. Mimi nikimwambia bibi "mboga imeiva" anauliza mchicha uko wapi. Kuhusu chumvi nimemwuliza sasa hivi, kasema chumvi na ndimu ni kitoweo cha mwenye njaa. Mama kasema si mboga.

#47 Nahau_Pevu
Pangani, tafadhali muulize bibi na parachichi. Na umwulize mama sentensi ya #10, ya kununua, kabla hujamweleza tunatafuta nini.